Mfereji Niliounyoosha

Nilinyoosha mfereji. Ndilo kosa langu la kwanza tangu nirudi kijijini kuishi kwa jembe. Nalitaja mapema kwa sababu huku kila mtu analijua, na mimi silali vizuri nikiwa na jambo sijalisema.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitoka Same mjini, nilikokuwa nafanya kazi kwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi, na niliachishwa kwa sababu ambayo nikiwasimulia watu wanacheka. Mteja alileta barua ya maombi, nikairekebisha pambizo mara tano hadi basi lake likaondoka. Haikuwa mara ya kwanza. Mwenye duka hakunigombeza. Alisema tu, "Wewe kijana ni mzuri mno kwa hapa." Nilikaa na maneno hayo wiki nzima, nikijiuliza kama ni sifa au tusi.

Nikapanda mlimani kwa bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi peke yake kwenye shamba la marehemu babu. Nilimweleza mpango wangu kabla hata sijashusha begi. Mwaka mmoja mzima tusinunue chakula. Tule mahindi yetu, maharage yetu, magimbi, ndizi, mboga, mayai ya kuku wetu. Dukani tufuate chumvi tu.

"Na sukari?" aliuliza.

"Nitafuga nyuki."

"Nyuki wamekubali?"

Sikuwa na mwalimu wa kilimo. Nilisoma kwenye simu, nimekaa juu ya jiwe nyuma ya choo ambako mtandao unashika, na kila kitu nilikiandika kwenye daftari la hesabu lenye vyumba vidogo. Nilichora shamba lote kwa rula. Nilipopanda mahindi nilipima nafasi kwa kijiti nilichokikata mwenyewe, na shimo lililopotoka nililifukia nikachimba upya. Bibi alikuwa akinipita na kapu lake anasema, "Mahindi hayaendi gwaride, baba." Nilitabasamu, lakini moyoni nilimwona hajui. Nakiri hilo pia.

Huku kwetu maji ya shamba yanatoka kwenye ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na wazee wa zamani. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na kila shamba lina siku yake. Siku yetu ilikuwa Jumanne. Maji yalikuja kwa mfereji, yakaingia kwetu kwanza, kisha yakateremka kwa jirani wa chini, mjane wa makamo niliyemwita mama mdogo. Yeye alikuwa na tuta moja tu, pana, lililokatwa kwenye mteremko kama ngazi na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe. Alikuwa amepanda maharage. Hakuwa na shamba jingine.

Mfereji ulipita kwetu kwa kona. Nilizihesabu: kona nane. Ulianza kushuka, ukarudi kulia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ukazunguka mgomba, ukapinda tena bila sababu. Kila nilipoutazama nilipata uchungu wa kweli, ule ule wa barua yenye mistari isiyolingana. Nikaazima mpira wa maji wa fundi ujenzi wa kupimia usawa, nikapigilia vigingi, nikafunga kamba, na kwa wiki tatu za mwezi wa pili nikachimba mfereji mpya kutoka juu hadi chini, moja kwa moja. Ule wa zamani niliufukia na kuushindilia hadi usingejua ulipita wapi.

Katika wiki hizo kulikuwa na msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Walikuwa wanazoa matope ndani ya ndiva. Mbiu ilipigwa, nikaisikia, nikabaki na kamba yangu. Nilimtuma bibi na udhuru kwamba naumwa tumbo. Mara nyingi nafikiria siku ile. Ningekwenda, ningekaa kwenye tope na watu thelathini, mmoja angeniuliza siku hizi nafanya nini, na wa pili angenikataza.

Jumanne ilipofika, mzee anayegawa maji alifungua ndiva, nami nikasimama kwenye kichwa cha shamba na simu mkononi ili nipige picha. Maji yalikuja haraka kuliko nilivyowahi kuyaona. Nilifurahi. Nadhani nilifurahi kwa muda wa kuchemsha chai. Kisha nikaona maji yamekuwa mekundu, kisha nikasikia kingo za mfereji zinamegeka, na nilipokimbia kuziba kwa jembe, jembe lilitaka kuondoka na mimi. Yaliruka mpaka wetu, yakaupiga ukuta wa mama mdogo katikati. Ukuta ulifunguka kama mdomo.

Mzee wa maji alishuka akiwa ameshafunga ndiva. Aliangalia korongo jipya, akaangalia mfereji wangu kuanzia juu hadi chini.

"Umenyooka," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Umenyooka kweli. Injinia, ulikuwa unawahi wapi?"

Watu walikwisha kukusanyika. Mama mdogo alikuwa ameinama chini anaokota mashina ya maharage kwenye tope, mengine yakiwa bado na maua. Aliuliza bila kuinua kichwa, "Na udongo wangu uko wapi?"

"Kesho utaamkia Maore," mzee alimjibu.

Maore iko tambarare, chini kabisa, siku ya anga safi unaiona kutoka pale pale tuliposimama. Watu walicheka. Mama mdogo naye alicheka, na kicheko chake ndicho kilichonimaliza.

Nilimwomba mzee anionyeshe zile kona zilikuwa wapi, nizirudishe. Nilitoa daftari. Alinitazama kwa mshangao.

"Sisi hatukuzipima. Babu yako alipitisha maji, yakienda mbio anayapindisha, yakitulia anayaacha. Jioni akaenda kula."

Kikao cha watu wa ndiva hakikunitoza hata mbuzi. Waliamua jambo jepesi: Jumamosi msaragambo uhamie kwenye tuta la mama mdogo. Watu thelathini, siku moja, ukuta usimame, udongo uliokwama kwenye korongo upandishwe kwa magunia, naye awahi kupanda kabla ya masika.

Hapa ndipo kosa la pili, na hili watu wengi hawalijui vizuri, kwa sababu walilichukulia kuwa adabu. Nilisimama nikasema, "Nimeharibu mwenyewe, nitatengeneza mwenyewe."

"Peke yako?" mzee aliuliza.

"Peke yangu."

"Masika yako mlangoni, mwanangu," mama mdogo alisema.

"Nitamaliza, mama mdogo."

Wengine waliitikia kwa kichwa, wakaona kijana ana haya. Haya nilikuwa nayo, sikatai. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshauona ule ukuta kichwani, na sikutaka watu thelathini waje kuupanga ovyo. Tena nilikuwa nimejiapiza kujitegemea. Niliona nikisaidiwa siku moja, mwaka wangu umeharibika.

Nikaanza. Asubuhi nilibeba udongo, mchana nilipanga mawe. Nilifunga kamba. Jiwe lililotokeza nililitoa, na ukilitoa la chini, ya juu yote yanashuka. Nilibomoa sehemu moja mara mbili, nyingine mara tatu. Bibi alileta makande kwenye bakuli, akakaa juu ya rundo la mawe akanitazama nikila nimesimama.

"Ule wa kwanza ulikuwa na tatizo gani?"

"Ulikuwa na tumbo, bibi."

"Mimi nilikuwa nalo mara saba, na nilisimama."

Mama mdogo alikuwa akipita karibu kila siku. Mwanzoni alinisaidia kukusanya kokoto za kujazia, nikamwomba aache, nikamwambia apumzike. Akaacha. Siku moja alisimama muda mrefu akiangalia kipande kilichokamilika, ambacho kwa kweli kilikuwa kizuri, unaweza kukipigia rula.

"Ukuta mzuri," alisema. "Tutauchemsha au tutaukaanga?"

Nilicheka. Jioni ile nilikipima tena kipande cha katikati, hatua nane hivi, nikaona kimevimba kidogo. Kidogo sana. Mtu mwingine asingekiona. Nikakibomoa ili nikirudishe kesho yake.

Kesho yake mchana mvua ilikuja. Haikuwa imechelewa wala kuwahi kwa namna ya kutisha, ilikuja tu kama mvua inavyokuja wakati wake. Nilikuwa nimepanga mistari miwili ya mawe. Maji yalitafuta lile pengo la hatua nane kana kwamba nimeyawekea mlango, yakapita humo. Nilivua shati nikaziba pengo kwa magunia ya udongo niliokuwa nimeupandisha, na magunia yakaondoka moja moja. Kuta zangu mbili za pembeni hazikutikisika. Zilibaki zimesimama wima, zimenyooka, na kati yake tuta zima la mama mdogo likashuka hadi ukaonekana mwamba.

Alikuja mvua ilipokatika, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Nilimwamkia. "Shikamoo, mama mdogo." Aliitikia marahaba. Kisha akatembea juu ya ule mwamba polepole, kama mtu anayepima chumba cha nyumba mpya.

Masika ile hakuwa na pa kupanda. Bibi aliniamuru tumpelekee nusu ya mahindi yetu, ndoo kwa ndoo, nikapeleka ya kwanza, naye akapokea. Mara ya pili akapokea. Mara ya tatu alinirudishia ndoo ikiwa na mahindi yake ndani.

"Mwanangu, na nyinyi mnakula. Mimi naenda Maore kwa mdogo wangu. Kuna majaruba ya mpunga, amenipa mawili nijaribu."

"Utarudi lini?"

"Nirudi kulima nini?"

Hakulisema kwa ukali. Nilimbebea mzigo hadi gari linaposimama. Njiani aliniuliza habari za nyuki, nikamwambia hawajaingia kwenye mzinga. Akasema ni wepesi wa kukasirika, niwape muda. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilikuwa nimeyaandaa maneno tangu usiku, nikiyapanga na kuyapangua. Gari likaja kabla sijaridhika nayo. Hadi leo sijayasema.

Mahindi yetu yaliisha mwezi wa sita. Nilikwenda dukani nikanunua unga, nikaufunika na kanga ya bibi njiani kama mtu aliyeiba. Bibi alisonga ugali, akala, akanitazama.

"Kula. Unga haujui umetoka wapi."

Sikuweza. Nilikwenda shambani nikakaa kwenye ule mwamba. Nilijiambia kwamba mtu aliyeshindwa kujilisha angalau hadhuru mwingine, na mimi hata hilo sikuweza. Niliyewaza kujitegemea nilikuwa nimemwondoa mtu kwenye ardhi yake, na bado nilikuwa na njaa. Siku nyingi zilipita nikiamka bila sababu ya kuamka. Nilifungulia kuku, nikarudi kulala.

Baada ya mavuno ya bondeni dereva wa gari la abiria alinipigia simu nikachukue mzigo. Ulikuwa mchele, nusu gunia, umeshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Nilijua mshono ule, ni wa mama mdogo. Nikapanda kwenye jiwe nyuma ya choo, nikampigia.

"Umefika?" aliuliza.

"Umefika, mama mdogo. Lakini huu ni mwingi. Wewe..."

"Uchambueni vizuri, una mawe."

"Sawa."

"Pale kwangu pakoje?"

"Nimeotesha majani ya tembo ukingoni, yazuie udongo."

"Yameshika?"

"Machache. Katikati hayashiki. Ni mwamba."

Nilisikia nyuma yake watu wakiongea na maji yakimwagwa. "Basi," alisema. "Msalimie bibi."

Bibi aliupika mchele huo siku hiyo hiyo, na mara hii nilikula, kwa sababu kukataa kungekuwa tusi jingine kwa mama mdogo. Nilikula chakula cha mtu niliyemharibia shamba, nikatafuna na mawe mawili matatu, nikayameza.

Ni mwaka wa tatu sasa. Mfereji wetu una kona sita. Nilizipata kwa kuyaachia maji kidogo kidogo na kuyapindisha yalipokimbia, na moja kati ya hizo ni mbaya sana kuitazama. Mbiu ya msaragambo ikilia naenda, na napanga mawe jinsi wanavyopanga wengine. Chakula tunachovuna kinatutosha kama miezi saba, inayobaki tunanunua. Nyuki waliingia, wakaondoka. Tuta la chini bado ni mwamba, na mama mdogo hajarudi.