Mikato ya Mzee Athman

Jackton Were hakuwa mtu wa maneno mengi. Alizoea kushinda na chuma, na chuma hakina maswali. Kwa miaka ishirini na sita alikaa chini ya ngazi za jengo moja karibu na River Road, katika kibanda kisichozidi upana wa kitanda, akinoa visu vya hoteli na mikasi ya mafundi cherehani. Lakini kilichofanya watu wamtafute ni nyembe za kukunja, zile za zamani, zilizoachwa na vinyozi waliozeeka au kuokotwa kwenye masanduku ya marehemu matajiri huko Karen. Zilimfikia zimeliwa na kutu, naye alizirudisha zikinyoa.

"Kutu natoa, uzee naacha," ndiyo ilikuwa sheria yake. Mafundi wengine walizipitisha kwenye mashine hadi zikang'aa kama vijiko vya harusi, na jina la aliyezitengeneza likaenda na vumbi. Jackton alitumia msasa laini uliolowa maji, mafuta kidogo, na kidole chake. Doa jeusi ambalo halijala chuma aliliacha. Mpini uliopauka ulirudi kwa mwenyewe umepauka vilevile.

Kazi hiyo ilikuwa imemmaliza. Ikifika saa nane mchana macho yalianza kutoa machozi, na mgongo wake ulikuwa umepinda kuelekea jiwe la kunolea hata anapotembea.

Jumanne moja akaja Mabruka, muuza vitambaa wa Mtaa wa Biashara, ameshika wembe uliofungwa kwenye leso.

"Fundi, huu ni wa baba. Binti yangu Nisreen kajifungua, na Ijumaa mtoto atimiza siku saba, anyolewe. Baba hataki kusikia wembe wa dukani."

Jackton akaufungua. Chuma kilikuwa kizuri chini ya kutu. Mpini ulikuwa wa pembe, umepasuka karibu na pini.

"Utengeneze," Mabruka akasema, "lakini usinifanyie mpya. Baba ataukana."

Jackton akaitikia kwa kichwa. Pembeni mwa mpini aliona vijikato vidogo, na swali likamfika hadi kwenye ulimi. Lakini nyuma ya mama huyo walisimama wateja wawili, mmoja wao mpishi mwenye mdomo mrefu, na Jackton akaona haya kuuliza jambo la kijinga mbele za watu. Akalimeza.

Jumatano akaitoa kutu, akaunoa wembe kwenye jiwe, kisha akautia mpini gundi. Gundi ilipokauka akachukua msasa kusawazisha pale palipopasuka. Vile vijikato vilianzia hapohapo. Nyembe zilizolala masandukuni huja zimetafunwa na panya, naye alikwisha kusawazisha mipini ya namna hiyo mara nyingi. Alikuwa amechoka, macho yanamwasha. Akapitisha msasa. Vikaondoka vitatu.

Alipopaka mafuta, vilivyobaki vikajitokeza. Vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, baina ya kimoja na kingine upana wa ukucha, tangu pini hadi karibu na ncha.

Panya hapimi. Jackton akaweka msasa chini, na siku hiyo hakuushika tena.

Jioni, nyumbani Kabiria, mkewe Rael alimtazama mara moja tu.

"Baba Ivyne, mbona unakaa kama mtu amefiwa?"

Akamweleza.

"Na si ungemuuliza huyo mama?"

"Kulikuwa na watu."

"Watu! Hao watu watakuua kabla ya ugonjwa." Rael akausonga ugali kwa hasira. "Sasa?"

"Naweza kukata zingine. Nikipaka majivu na mafuta, hakuna mtu atajua."

"Wewe ndiye hukataa kung'arisha chuma ya watu. Leo unataka kuzeesha yako?"

Jackton alikula kidogo, akalala akiwa amechoka kuliko alivyoamka.

Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mabruka, wembe mkononi, kabla duka halijafunguliwa. Alipofunguliwa, alisema yote kwa pumzi moja, akiangalia viatu vyake.

"Ulikuwa na mdomo, fundi?" Mabruka akauliza polepole. "Hukuuliza?"

"Nilikuwa nao, mama."

"Kila mkato ni mtoto wa ukoo huu aliyenyolewa na baba kwa mkono wake siku ya saba. Sasa haoni. Hukaa akiipapasa mikato kwa kidole, jioni kwa jioni." Akafumba macho kidogo, kisha akafungua droo na kuifunga bila kutoa kitu. "Basi ikate upya. Sasa hivi, hapa. Asijue. Kesho tuna shughuli, sitaki roho yake iumie."

Lilikuwa jambo jepesi, na mtu aliyechoka hupenda jambo jepesi. Jackton akatoa tupa yake ndogo, akaiegemeza kwenye pembe ya mpini. Mkono ukakataa kwenda.

"Mama, siwezi. Mimi sikunyoa mtoto wa mtu."

"Haya, panda juu kwa baba umwambie mwenyewe!"

Mabruka alidhani ataogopa. Aliogopa kweli, lakini akapanda.

Mzee Athman alikuwa amekaa kitandani, kofia kichwani, uso ameuelekeza dirishani asikoona kitu. Akaupokea wembe, akaukunjua, akaupitisha juu ya malaika ya mkono wake. Yakaanguka.

"Makali yamerudi," akasema. "Mwanangu Abdulfatah atamnyoa bila kumliza. Mkono wangu siuamini tena."

Kisha kidole gumba kikateremka kwenye mpini. Kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena.

"Mzee, ni mimi," Jackton akasema. "Nimeharibu. Nilidhani ni meno ya panya."

"Ya nani?"

"Panya, mzee."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Mabruka, wasikia? Miaka sitini nanyoa watoto, leo nimeitwa panya!"

Kicheko kikaisha. Kidole kilikuwa kimerudi palipolainika.

"Hapa ndipo nilipoanza. Alikuwa Abdulfatah. Kisha dada yenu aliyechukuliwa na surua. Kisha wewe, Mabruka." Akapapasa tena. "Yule wa surua hakuwahi kupigwa picha. Alama yake ilikuwa hii."

Mabruka, aliyekuwa mlangoni, akaja kukaa chini. Jackton alitamani sakafu impokee.

"Una tupa?" mzee akauliza.

"Ninayo."

"Nipe. Ushike mpini, usitikisike. Mimi natikisika kwa wote wawili."

Jackton akapiga magoti, akaubana mpini kwa vidole vyote, ukucha wake ukiwa kizuizi ili tupa isikimbie. Mkato wa kwanza ulitoka umepinda. Wa pili ulichukua muda. Tupa iliteleza ikamkwaruza ukucha, hakuondoa mkono. Mzee alirudia palepale, tena na tena, mpaka mkato ukawa mrefu na wa kina kuliko yote. Unga wa pembe ukamdondokea Jackton kwenye suruali. Kingo zilikuwa zimechongoka vibaya, na msasa ulikuwa mfukoni mwake. Akauacha huko.

Mzee akateremsha mkono, anahema.

"Na mimi, baba?" Mabruka akauliza.

"Wewe uko hai. Ngoja nipumue."

Chini ya ngazi za River Road visu vya hoteli tatu vilikuwa vinamngoja fundi, na magoti yalikwisha kuanza kumuuma. Akaendelea kuushika mpini, akingoja mzee apate nguvu.