Wavu wa Samaki Juu ya Mpapai

Aibu niliyoipata siku ya kumbukumbu ya baba mkwe sijawahi kuisimulia yote, hata kwa dada zangu, kwa hiyo mkinicheka chekeni polepole, maana mwisho wake hauchekeshi.

Mimi nimeolewa Angurai lakini kwetu ni kule chini ziwani, na kaka yangu Ouma ni mvuvi Osieko. Hapa nyumbani kulikuwa na mpapai ambao baba mkwe aliupanda karibu na jikoni, na kwenye ua wa michongoma pembeni walikaa ndege wawili, wale wa kahawia wenye kichwa cheusi na kishungi, chini ya mkia njano kabisa (vitabuni wanaitwa shore, sisi tunawaita tu wale wa papai). Hawa ndege hawajui kutulia. Kabla hakujapambazuka wameshaanza kuimba, wakiona paka au nyoka wanapiga kelele mpaka unatoka nje na panga, na papai likianza tu kugeuka rangi wameshalitoboa. Baba mkwe hakuwafukuza hata siku moja. Alipasua papai, nusu akala na mkewe, nusu akawawekea juu ya jiwe. Alipokufa, mama mkwe aliacha karibu kabisa kuongea na watu, akawa anakaa pale asubuhi akiwatazama wakila, na mara nyingine nilimsikia akiwaambia habari za nyumbani, kwamba mahindi yameota, kwamba ng'ombe anaumwa.

Sasa siku ya kumbukumbu ikakaribia, watu watatoka Moding na Malaba, katekista atakuja, na mimi sitaki mtu aseme huyu wa ziwani hajui kupokea wageni. Nikaangalia mapapai yalivyopendeza, nikaona ndege watayamaliza. Nikamwomba Ouma kipande cha wavu mkuukuu, nikapanda ngazi, nikaufunika mpapai wote, nikashuka nikijisifu (akili yangu yote iliishia hapo).

Siku yenyewe hema limejaa, katekista anaomba, kila mtu kafumba macho, mara tukasikia kelele. Hazikuwa zile za kila siku. Ndege mmoja alikuwa amenaswa shingo na bawa, anapapatika, na mwenzake anazunguka juu akilia kama anaita watu.

Mama mkwe akafumbua macho. "Nani ameweka kile kitu?"

"Ni mimi, Mama. Nilitaka wageni wapate matunda."

Akasukuma kiti, akaanza kuinuka. Na mimi ningetulia, mume wangu angeenda kumtoa ndege taratibu na kisu, yangeishia hapo. Lakini macho ya watu wote yako kwangu, nikavua viatu virefu, nikaegemeza ngazi kwenye mpapai, nikapanda na gauni langu jipya.

"Mama Amoit, shuka!" mume wangu akapaza sauti. "Huo mti ni mtupu ndani!"

Nimeshafika juu, nasikiaje? Nikaingiza mkono kwenye wavu, wigi langu likanasa, nikavuta, likakataa, nikavuta kwa nguvu, na mpapai ukasema kraaa. Tulianguka wote, mimi, ngazi, wavu, mapapai, moja kwa moja juu ya meza ya chakula iliyokuwa kati ya mpapai na hema. Mchuzi wa kuku ulimrukia katekista suruali nzima. Wigi limebaki kwenye wavu, mimi nimekaa katikati ya ugali wa wimbi na kichwa changu cha mabutu, na vijana nyuma wameinua simu wanarekodi. Mtu mmoja akacheka, halafu wengi wakacheka.

Waliacha Mama alipoinama. Alimtoa yule ndege mwenyewe, uzi baada ya uzi, bila kisu. Ndege alikuwa ameshakufa. Mama akamshika kifuani, akaingia ndani, akafunga mlango. Wageni wakaondoka bila kula.

Kumbe kwenye ua kulikuwa na kiota chenye watoto. Yule aliyebaki alijitahidi kuwaletea wadudu peke yake, lakini mvua ilinyesha mfululizo na hakukuwa na wa kuwafunika. Mama ndiye aliyewakuta, wamelowa, midomo wazi. Jioni hiyo alifunga nguo zake akaenda kwa binti yake Malaba. Mume wangu aliniambia neno moja tu: "Umemfukuza mama yangu kwa sababu ya papai." Tangu hapo tunaongea mambo ya watoto basi.

Nilimfuata Mama Malaba. Nilimkuta barazani, anatazama malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha mpaka nikakosa maneno. Akaniinua, akanipa chai kwenye kikombe cha wageni, akauliza kuhusu wajukuu.

"Mama, rudi nyumbani," nikasema.

"Nirudi nikakae na nani asubuhi, mwanangu?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo mimi nimeapa, kitu cha mtu sitakigusa tena, hata kikiwa kitu anachokitazama tu, bila kumuuliza kwanza. Siku ile ya wavu ningesimama mlangoni kwake niseme, "Mama, hawa ndege wanamaliza mapapai, tufanyeje?" Angenijibu. Pengine hata angefurahi kuulizwa.