Bega la Reino

Watu wa hapa bandarini Duluth wakiniuliza nani alimlemaza shemeji yangu Reino, huwa nawajibu: barafu. Uongo mtupu. Ni mimi, Urho Maki, nyapara wa genge la makuli tisa, mimi nikiwemo, na huu mdomo wangu.

Reino amemwoa dada yangu Lempi. Mtu mpole, mzito wa maneno, mwepesi wa kazi. Miaka kumi na tisa nilikuwa naye gatini, sikumsikia hata siku moja akisema amechoka. Sisi tukilalamikia baridi, yeye anacheka: "Baridi hii? Hii ya watoto wa chekechea, bwana."

Katikati ya Januari ziwa linaganda, meli zinakoma mpaka mwishoni mwa Machi. Hapo kazi hakuna, na bima ya matibabu inakatika pamoja na kazi. Sasa bandarini kwetu kuna desturi, Mungu ailaani: genge lililomaliza msimu bila mtu kuumia ndilo huitwa kwanza meli zikirudi. Akiumia mmoja, mnasukumwa mkiani, mnaweza kukaa mpaka Mei mkiwatazama wenzenu wakifanya kazi. Kwa hiyo mtu akijikata, anafunga kitambaa na kunyamaza. Tulijiona wanaume kwelikweli. Wapumbavu sisi!

Meli ya mwisho mwaka ule ilipakia ngano. Tulikuwa tukifungua kamba zake, theluji inatupiga usoni. Kamba ya Reino ikanasa, halafu ikafyatuka, ikamrusha. Bega lake la kulia likagonga kile chuma cha kufungia meli. Nililisikia. Tulipomfikia alikuwa ameketi kwenye barafu, uso umempauka, mkono unaning'inia.

"Twende ofisini tukaandikishe," akasema Sulo, mmoja wa wenzetu.

"Ofisini ukafanye nini?" nikamkaripia. "Imebaki nusu saa msimu ufungwe! Unataka watu wanane wale mawe?" Kisha nikamwinamia Reino. "Shemeji, hospitali waambie umeanguka ziwani, ulikwenda kuvua kwenye barafu. Nani atauliza? Mji mzima unaanguka huko."

Reino akanitazama. "Na bima ya gati, ile ya wanaoumia kazini, je? Si ndiyo kazi yake?"

"Ah, limeteguka tu hilo. Wiki mbili utakuwa unabeba ndoo."

Akaniamini. Akamwambia daktari ziwani, daktari akaandika ziwani. Mimi nikatia sahihi karatasi ya kufunga msimu: hakuna aliyeumia. Jioni tukanywa kahawa kwangu na mkate wa iliki, tukipongezana.

Kumbe halikuteguka. Februari picha zikaonyesha kano za bega zimekatika. Daktari akasema apasuliwe, zishonwe kabla ya kiangazi, zikichelewa zinanywea. Gharama ya upasuaji ule Reino hakuiweza, ila bima ya gati ingeulipia, kama tu angekuwa ameumia gatini. Bima wakajibu kwa adabu zao zote: mtu aliyeanguka akivua samaki hawahusiani naye.

Lempi akaja kwangu, hata koti hakuvua.

"Kaka, mimi ndiye ninayemvalisha shati. Ninamkatia nyama kama mtoto. Nenda ukaseme ukweli."

"Nitasema, Lempi. Ngoja kidogo nione namna..."

"Namna gani? Utasema lini, mkono ukishaoza?"

Machi barafu ikapasuka. Genge letu likaitwa kwanza. Niliona haya, lakini nilikwenda kazini. Naam, nilikwenda.

Reino akaishtaki bima, shauri likasikilizwa Aprili. Wale saba wengine walipoulizwa walisema hawakuona vizuri, theluji ilikuwa nyingi. Hata Sulo, Sulo yule yule! Nikasimama mimi. Nilijua unyapara umekwisha, sikujali tena, nikamweleza mama hakimu kila kitu, kamba, bega, na maneno niliyomfundisha shemeji yangu. Nilipomaliza nilihisi nimepumua.

Wakili wa bima, kijana mwenye tabasamu, akaniwekea karatasi mbele.

"Sahihi hii ni yako, mzee?"

"Yangu."

"Ulipoitia ulikuwa unasema uongo?"

"Ndiyo."

"Ili genge lako liitwe kwanza?"

"Ndiyo."

"Na Bwana Reino ni mume wa dada yako?"

"Ndiyo, lakini..."

"Ahsante, mzee. Sina swali jingine."

Juni hukumu ikatoka: haikuthibitika kwamba aliumia gatini. Chama chetu cha makuli kikahangaika mpaka Septemba, kikapata daktari wa kumpasua bure katika mji mwingine. Niliwapeleka mwenyewe kwa gari, Lempi nyuma, Reino mbele amepakata mkono wake. Daktari akamgeuza geuza, akatazama picha, akavua miwani. Kano zimenywea, akasema. Angeletwa miezi minne nyuma, sawa. Sasa hakuna cha kushona.

Lempi akatoka nje. Nilimsikia akilia kwenye ukumbi, lakini sikumfuata.

"Shemeji," nikamwambia Reino, "nitukane. Sema chochote."

"Nikutukane kwa lipi?" akasema taratibu. "Daktari wa siku ile aliniuliza mimi. Mdomo ulikuwa wangu."

Heri angenitukana. Heri angenipiga ngumi mbele ya daktari yule, ningeshukuru. Lakini Reino hupiga kwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia haunyanyuki.