Niliiharibu Pampu Mwenyewe, Nikamvunja Mkono Baba Zuhura

Mimi ndiye mkosaji. Sikuwa nimelewa, sikurogwa, wala shetani hakunipitia. Mkono ulioshika spana ni huu wangu wa kulia, na bado unanipa riziki hapa Ruiru. Watu wananiita fundi mpole. Hawajui! Wewe nitakwambia, maana nimechoka kubeba peke yangu.

Haya yalitokea miaka ya tisini, kabla watu hawajaanza kutembea na simu mfukoni. Nilikuwa kijana, fundi wa pampu, natafuta jina. Ukinitaka ulipiga simu kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, na mwenye duka akanituma.

Siku moja nikatumwa kwa mzee mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Thika. Wafanyakazi wake walimwita Kiboko, na si kwa utani. Alikuwa na mjeledi wa ngozi ya kiboko aliouning'iniza kwenye mlango wa ofisi, na alimchapa nao yeyote: mchuma kahawa, dereva, hata mwanawe mwenye ndevu. Siku niliyoingia pale nilimkuta akimcharaza mtu aliyeshikwa amelala kazini. Wenzake walipita na vikapu vyao macho chini. Laiti ningegeuka hapo hapo! Sikugeuka.

Nyuma ya jikoni kulikuwa na bwawa la kuogelea, na pampu yake ilikuwa inaachia maji. Nieleze kidogo. Pampu ya namna ile huvuta maji kutoka chini, na ili ivute, tumbo lake lazima libaki limejaa maji. Hewa ikipata pa kupenya, hata tundu la sindano, basi ukiizima maji yote yanarudi bwawani. Asubuhi ukiiwasha inazunguka tupu, inapiga kelele na kupata moto, na bwawa linaanza kugeuka kijani.

Nikaomba sabuni ya unga kwenye karai. Aliyeileta ni Njeri, mpishi wa nyumba ile, msichana wa Murang'a. Nikapaka povu kwenye kila kiungo cha paipu huku pampu ikizunguka. Pale paipu inapoingia kwenye pampu pana nati kubwa ya plastiki. Povu la hapo likanyonywa ndani, likapotea.

"Ai! Kumbe inakula sabuni?" Njeri akacheka.

Mpira ulio ndani ya nati ulikuwa umekauka na kupasuka. Nikaweka mpya, nikajaza maji kwa ndoo, pampu ikavuta vizuri. Kazi ilikwisha, lakini mimi nilirudi Ruiru bila raha. Kile kicheko kilinikaa kichwani.

Sasa nitamwonaje tena? Njeri hakuruhusiwa kutoka. Jumapili alipelekwa kanisani ndani ya gari na kurudishwa ndani ya gari. Kijana wa maziwa aliyewahi kumsalimia langoni alifunguliwa mbwa.

Basi nikapata akili, na akili hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilirudi kwa kisingizio cha kukagua kazi yangu. Nikafungua ile nati, nikalaza uzi mmoja wa gunia chini ya mpira, nikafunga. Uzi mmoja tu! Hewa ikaufuata polepole. Baada ya siku chache simu ikalia dukani kwamba pampu imeachia maji tena, na mimi nikaenda nimeoga na kujipaka mafuta.

Ikawa ndiyo njia yetu. Nikifika nautoa uzi, pampu inanguruma, nakunywa chai na viazi vitamu mlangoni pa jikoni. Nikiondoka naacha uzi mwingine. Njeri alinifuma siku moja nikiuweka, akacheka hadi akajifunika uso kwa aproni.

"Wewe mwanaume wewe! Utaua pampu ya wenyewe."

"Pampu haiuawi na uzi," nikamjibu. Mjinga mimi!

Aliyekuwa na ufunguo wa kibanda cha pampu ni mtunza bustani, Mwislamu wa mtaa wa Kiandutu pale Thika. Jina lake Ramadhani, lakini sote tulimwita Baba Zuhura, kwa jina la bintiye wa kwanza. Ndiye aliyeiwasha pampu asubuhi na kuizima jioni. Kila nilipokuja alinishikia paipu bila kuombwa. Aliniita "kijana yangu" na akaniuliza habari za mama yangu. Hakuwahi kunishuku hata kidogo.

Kisha Kiboko akaleta wageni. Wazee walikuja kumposa binti yake, na hema likapigwa kando ya bwawa. Kwa zile pilkapilka za kuchinja na kupika hakuna aliyesikia pampu. Ilikuwa imezunguka tupu siku kadhaa hadi ikapata moto ikajizima, na siku ya wageni maji yalikuwa kijani na yananuka. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akatania kwamba kumbe huku mbuzi wana kisima chao. Watu wakaangua kicheko, na Kiboko akacheka nao. Kesho yake akaniita.

Nilimkuta amesimama kando ya pampu, mjeledi mkononi. Askari wawili wa shamba walikuwa nyuma yake.

"Wewe fundi," akasema, "umekuja hapa mara ngapi? Kila siku unaniambia imepona. Sasa niambie ukweli. Ni kazi yako mbaya, ama ni nini?"

Nikisema mpira umechakaa, mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia ni mpya. Nikisema ukweli, nilijua ule mjeledi utanilia wapi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mzee, mimi naona hii ni mkono wa mtu."

Kiboko hakuuliza mtu gani. Mwenye ufunguo alikuwa mmoja. Siku chache kabla, Baba Zuhura alikuwa amenyimwa ruhusa ya kwenda nyumbani sikukuu ya Idi, akanung'unika mbele ya watu. Lo! Nililijua hilo nilipokuwa nikisema, na bado nikasema.

Wakamkokota kutoka kwenye maua. Mjeledi wa kwanza ulimpata shingoni, wa pili usoni, na shati likapasuka mgongoni kabla hajaelewa anapigiwa nini. Askari walimkanyaga miguu asiinuke. Damu ilitiririka kwenye saruji ikaingia bwawani.

"Wallahi mzee, sijagusa hiyo kitu! Mimi nawasha tu, nazima tu!" Akageuza uso akaniona. "Uliza fundi! Huyu kijana ananijua! Kijana yangu, waambie!"

Kiboko akashusha mkono, akihema. "Haya, fundi. Ni yeye ama si yeye?"

Si yeye. Maneno mawili tu! Hata mtoto anayeanza kuongea angeweza kuyasema.

"Ni yeye," nikasema.

"Kama ni yeye, mbona umesimama hapo kama posti ya ua? Ni kazi yako ameharibu. Piga, nione."

Askari wakaulaza mkono wake wa kulia kwenye ukingo wa bwawa. Mimi nilikuwa na spana ya mabomba, ile nzito. Nikapiga. Nilisikia mfupa kabla sijamsikia yeye. Ulivunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono, na vidole vikafunguka vyote kwa mara moja.

Nikapiga tena. Mara hiyo ya pili hakuna aliyeniambia! Nimeitafutia sababu miaka yote hii na sijaipata. Nadhani nilitaka anyamaze asiendelee kuniita kijana yake.

Njeri akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga wa chapati.

"Wacheni! Ngai, wacheni! Si Baba Zuhura! Ni fundi! Fundi ndiye huweka uzi huko ndani! Mimi nimemwona na macho yangu!"

Kiboko akanigeukia. Jamani, woga ni mnyama. Yule niliyemfanyia hila zote zile ili nimwone tu, nilimzaba kofi akaangukia kwenye maua.

"Mzee, hawa ni wapenzi," nikasema. "Si unaona anavyomtetea?"

Mjeledi ukamshukia Njeri naye. Alipigwa kutoka pale hadi langoni, huku Baba Zuhura akiburutwa nyuma yake. Nje ya lango Njeri akavua aproni, akamfungia ule mkono, wakaondoka kwa miguu, mzee wa watu akitapika njiani. Njeri hakugeuka kuniangalia.

Nami nikapiga magoti nikatengeneza pampu. Kiboko alisimama juu yangu akiangalia. Nilipofungua nati, uzi ulikuwa pale pale nilipouweka. Niliufunika kwa kiganja, nikautia mdomoni, nikaumeza. Pampu ikanguruma, maji yakaja. Kiboko akanipiga begani. "Wewe ni mwanaume," akasema. Nami nikamjibu asante.

Wiki zikapita. Chakula kilinishinda, na kila pampu niliyoitengeneza nilisikia ndani yake ule mfupa. Mwishowe nikaenda Kiandutu mchana kweupe, nikaulizia nyumba ya Baba Zuhura.

Mlango ulikuwa wazi. Njeri alikuwa ndani akikata vitunguu. Hakuwa na pa kwenda, na mama wa nyumba ile alimpokea. Baba Zuhura alikuwa ameketi mkekani. Mkono wake wa kulia ulifungwa vipande vya mbao, vidole vimevimba na kupinda upande mmoja. Mkewe alikuwa akimlisha wali. Ndiyo, akimlisha! Mwislamu hali kwa mkono wa kushoto, na yeye alikataa kuanza uzeeni. Mtu mzima, mbele ya watoto wake, alifungua kinywa akangoja.

"Karibu, kijana yangu," akaniambia. "Mama Zuhura, mpe kiti."

Sikuketi. Nilisema yote nikiwa nimesimama: uzi, Njeri, uongo, pigo la kwanza na la pili. Nilidhani nikimaliza nitapumua.

Baba Zuhura aliusukuma pembeni mkono wa mkewe wenye wali. Kisha akasema polepole, "Huyu msichana aliniambia. Nikamkatalia. Nikasema, huyo kijana aliogopa kiboko, hata mimi ningeogopa. Alidhani ni mimi. Hiyo nilishakusamehe, kila nikiswali nakusamehe." Akautazama mkono wake. "Sasa hii ingine, kwamba ulijua si mimi, unataka niiweke wapi?"

Akageuzia uso mlangoni.

"Mtoeni," akasema.

Ndugu yake alikuwa mlangoni, na majirani, wapangaji wa ploti ile, walikuwa wamesikia. Walinipokea kwa mateke. Nilipigwa kwa mawe, kwa mchi, kwa ukuni wa jikoni. Meno mawili niliyatemea kwenye mtaro. Mmoja akaja akiviringisha gurudumu kuukuu la gari, na nikajua mwisho wangu ni moto. Mama Zuhura ndiye aliyepiga kelele, "Si kwa mlango wangu! Mpelekeni mbali, mimi nina watoto!" Wakaniburuta hadi barabarani, wakaniacha. Njeri alisimama mlangoni na kisu cha vitunguu mkononi. Hakupiga wala hakuzuia.

Baba Zuhura hakushika jembe tena. Njeri aliolewa na mtu mwingine huko Mwihoko. Siku moja tulikutana sokoni Ruiru, akahamisha mtoto mgongoni na kupita upande wa pili. Mimi nimebaki hivi hivi. Nilioa, mke akaondoka, akisema mimi mtu wa kushtuka usingizini na kurusha ngumi.

Wewe unayesoma haya, usiniambie pole. Sitaki pole. Labda kuna mtu kazini kwako au kwenye ploti yenu anayelaumiwa kwa jambo unalojua hakulitenda. Labda hajapigwa bado, anatazamwa vibaya tu. Usiseme utangoja mambo yapoe ndipo uongee. Mimi nilingoja yapoe, na yalipopoa ukweli wangu haukumfaa mtu. Ulimwondolea mzee wa watu hata ule msamaha aliokuwa amejipatia.

Kipigo nilichokuwa nakiogopa nilikuja kukipata, tena kikubwa kuliko cha Kiboko, na nakuapia mwili hupona. Kwa hivyo sema siku ile ile. Sema magoti yakitetemeka, sema hata ukijikojolea, lakini sema mkono wa mwenzako ukiwa bado mzima.