Mtu wa Bara Katika Nasaba

Mwaka wa nne wa kumtunza Bibi nilikuwa naamka tayari nimechoka. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani kwamba yaliyotokea yalitokea kwa sababu mimi ni mpenzi wa historia. Mimi ni mtunza wazee. Kila asubuhi nilitoka Al Qusais, kwenye chumba tulichokaa wanawake sita, nikapanda metro hadi Bur Dubai, nikatembea katikati ya maduka ya vitambaa yakiwa bado yamefungwa, kisha nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwa maana lifti ya jengo lile ilifanya kazi siku ilipojisikia. Magoti yangu yalikuwa na maoni yao kuhusu ngazi hizo, na mengine hayaandikiki.

Bibi si bibi yangu wa damu. Ni mama mzee wa Unguja, wa ukoo uliotoka Oman zama za masultani, ukakaa visiwani vizazi kadhaa, kisha ukahamia huku. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho akawa anaona mwanga na vivuli tu. Kumbukumbu nayo ilikuja na kuondoka itakavyo. Chakula cha jana hakikumbuki, lakini ugomvi wa mababu zake anakusimulia mpaka rangi ya kilemba. Mwanawe mkubwa anaishi Jumeirah Village Circle na familia yake, na alikuja kila Ijumaa baada ya sala na mfuko wa matunda, akitazama saa.

Mwaka jana huyo mwanawe alikuwa anamwoza binti yake. Wakwe walikuwa watu wa kutaka kujua wewe ni nani, baba yako ni nani, na baba wa baba yako alilala wapi. Basi akaamua nasaba yao iandikwe na fundi wa khati, ule mwandiko wa Kiarabu wa mapambo, itiwe kwenye fremu, nakala moja wapewe wakwe na nyingine itundikwe sebuleni kwa Bibi. Kwa bahati ukoo ulikuwa mmoja tu, maana Bibi aliolewa na mtoto wa ami yake. Shida ni kwamba aliyeijua nasaba yote ni Bibi peke yake, haoni, na wajukuu zake wanasikia Kiswahili kwa shida. Kazi ikanidondokea mimi.

"Wewe una mwandiko mzuri," mwanawe aliniambia. "Andika anachosema Mama. Usiongeze, usipunguze."

"Sawa, sir."

Sikuona ugumu wowote hapo. Katika kazi yetu kila siku tunajaza ripoti, na jambo la kwanza tunalofundishwa ni kuandika tulichokiona, si tulichokidhani. Ukimkuta mzee sakafuni, huandiki kwamba ameanguka. Unaandika kwamba umemkuta sakafuni. Nilikuwa nimejaza ripoti za namna hiyo kwa miaka minne bila kukosolewa hata mara moja.

Tulianza asubuhi moja baada ya chai na mkate wa ufuta. Bibi alikaa kitako juu ya godoro lake, mito mgongoni, akaanza na babu yake mkubwa aliyefuatana na yule sultani aliyehamisha kiti chake kutoka Maskati hadi Unguja na kujaza kisiwa mikarafuu. Kwa Bibi, mambo ya katikati ya karne ile ya kumi na tisa yalikuwa habari za mtaani. Alinisimulia jinsi sultani alivyofariki baharini akirudi Unguja, na jinsi babu mkubwa alivyokuwa ndani ya meli hiyo hiyo, akalinda jeneza siku nyingi. Alinisimulia jinsi wana wa marehemu walivyogombania kiti kabla hata matanga hayajaanuliwa, mpaka Waingereza wakaingia kati na dola ikagawanywa mapande mawili.

"Na babu yako alikuwa upande gani?" niliuliza.

"Upande wa walioshinda. Sisi siku zote tulikuwa upande wa walioshinda," akasema, kisha akacheka. "Andika, andika. Nyinyi watu wa bara mnauliza sana."

Mtu wa bara ndilo jina aliloniita tangu siku ya kwanza. Mwanzoni liliniuma, maana nilijua linavyotamkwa na nani kwa nani. Baadaye nililizoea, hasa kwa kuwa yeye aliliambatanisha na mambo madogo: chai yangu haina hiliki, mtu wa bara, chumvi hii ya nani, mtu wa bara. Nami nilimjibu kwamba kwetu Kitui tunakula chakula, si viungo.

Siku ya tatu tulifika kwa babu yake, mtoto wa yule wa melini. Nikaandika jina la babu na la baba yake. Bibi akanizuia kwa mkono.

"Andika na mama yake."

Nilishangaa. Mpaka hapo hatukuwa tumeandika mwanamke hata mmoja. Bibi akanieleza taratibu kwamba mama wa babu yake alikuwa suria, aliyeletwa na msafara akiwa msichana, akanunuliwa, akazaa. Baada ya sultani kufa haikupita miaka mingi, kipindupindu kikaingia mjini na yule babu mkubwa akafa nacho. Suria aliyezaa huwa huru bwana wake akifa, ndiyo sheria, na angeweza kwenda zake. Hakwenda. Ndugu wa marehemu walitaka kumnyang'anya mtoto pamoja na shamba, naye akakaa juu ya shamba lile, akachuma karafuu kwa mikono yake, akamlea mwanawe mpaka akaota ndevu. "Bila yule mwanamke hakuna miye, hakuna mwanangu, hakuna arusi," Bibi alisema. "Na mahali popote hakuandikwa. Nataka aandikwe kabla sijafa. Jina walilompa siku ya kumnunua silitaki, lile ni jina la mali. Andika hivi tu: mama yake, mtu wa bara."

Nikaandika.

Ijumaa ile mwanawe alisoma daftari akiwa amesimama. Alipofika kwenye mstari huo akakaa.

"Mama, nasaba ni ya baba. Wanawake hawaandikwi."

"Huyu ataandikwa."

"Wakwe wataisoma, Mama. Watasema nini?"

"Watasema babu yangu alikuwa na mama."

Walivutana zaidi ya saa nzima, wakihama kutoka Kiswahili kwenda Kiarabu na kurudi. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika kijiko ambacho sikukitumia. Kabla ya siku ile sikuwa nimewahi kumsikia Bibi akisihi. Mwisho mwanawe akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "Khalas, Mama. Mama yake, mtu wa bara. Maneno hayo tu. Ijumaa ijayo nachukua daftari nampelekea fundi." Bibi alilala mchana kutwa baada ya hapo, na alipoamka aliomba samaki, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

Ningeliacha daftari hapo lilipo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Jumatatu, nikimpaka mafuta miguu, Bibi akaanza kumsema yule mwanamke bila kuulizwa. Yeye hakumwona, lakini bibi yake, mke wa yule babu, alimkuta mkwe wake huyo akiwa mkongwe. Alikuwa mweusi mrefu, hasemi sana, na meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa. Akicheka alivuta ncha ya kanga akaziba mdomo, kwa kuwa watoto wa mjini walimcheka.

Mikono yangu ikasimama juu ya mguu wake. Bibi yake mama yangu, ambaye nilimkuta akiwa hai, alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa. Kwetu, Wakamba wa zamani walichonga meno, wanaume kwa wanawake, na asiyechonga hakuonekana mtu kamili. Nilimwona kwa macho yangu akila mahindi ya kuchoma kwa meno hayo, akinitania kwamba yangu ni ya mbuzi.

Jioni nilimpigia baba simu. Katika ukoo wetu kuna majivuno, na baba ndiye mtunzaji wake: kwamba mzee wetu alitembea na yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu wa kwetu, aliyempokea mmishonari Mjerumani na kumwonyesha kwa mbali mlima wenye theluji, kisha akauawa njiani upande wa Mto Tana. Mimi nimekua na hadithi hiyo kama wengine wanavyokua na kabati la vyombo vya wageni.

"Baba," nilimwuliza, "hao wazee wakishuka Pwani na pembe, walishuka na watu pia?"

"Watu wa kubeba."

"Wa kuuza."

"Njaa ikikaza watu walifanya mambo," akasema. "Msichana mmoja angetolewa ili nyumba nzima ipate kula. Hayo hatukuwa tunayasema, mama. Kwa nini unayauliza huko Dubai?"

Nilikuwa nimechoka kupita kiasi. Nilikuwa nimechoka kuwa mgeni katika kila chumba, kuwa "sister" kwa mlinzi na "madam wa care" kwa muuza dawa. Na ghafla hapa alikuwepo mtu wa kwetu, ndani ya nyumba niliyofagia miaka minne. Nilitaka awe wetu. Nilitaka pia, nikisema kweli yote, kumrudisha kwao, iwapo mzee wetu ndiye aliyemshusha. Kesho yake Bibi akiwa usingizini nilifungua daftari, na mbele ya "mtu wa bara" nikaongeza neno moja kwa mwandiko wangu mzuri: Mkamba.

Sikufikiria kwamba Wayao walichonga meno. Wamakonde walichonga. Wamakua pia. Nusu ya watu walioteremshwa pwani karne ile wangeweza kuwa na meno hayo. Hayo yote niliyafikiria baadaye, nilipokuwa na nafasi tele ya kufikiri.

Ijumaa mwanawe alisoma mstari ule mara mbili.

"Nani kasema Mkamba?"

Bibi aligeuza uso kuelekea sauti yake. "Miye," akasema.

Mpaka leo sijui kama alinitetea au alidhani kweli kasema. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Ilinipasa kufungua mdomo. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na karatasi za kuufanya upya zilisubiri sahihi ya huyu huyu mwanawe. Sikufungua mdomo.

"Wiki iliyopita ulisema mtu wa bara, Mama. Leo ni Mkamba. Wiki ijayo atakuwa nani?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa mpole kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa. "Wakwe wakiniuliza ushahidi nitawaambia nini? Jambo lisilo na uhakika haliandikwi. Yalla, tumalize." Akatoa kalamu mfukoni akaukata mstari wote, kuanzia "mama yake." Bibi akasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Unafanya nini?"

"Nasahihisha tu, Mama."

Nilimfuata hadi kwenye ngazi nikamwambia. Nilimwambia neno lile nililitia mimi, Mama yake hakulisema, mstari wa kwanza ulikuwa sahihi na aurudishe. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa.

"Usijali, sister. Imekuwa heri," akasema, na akateremka. Karatasi zangu alizitia sahihi wiki hiyo hiyo. Hakuwa na sababu ya kunikasirikia; alikuwa akitafuta njia ya kumtoa yule mwanamke, na mimi ndiye niliyemfungulia.

Arusi ilipita. Nasaba ipo ukutani, khati ya dhahabu, wanaume watupu. Mimi khati hiyo siisomi, lakini nimejifunza kila jina liko wapi. Asubuhi ambazo kichwa chake kimetulia, Bibi huniomba nimpeleke. Husimama akaweka kiganja juu ya kioo na kusema, "Nisomee." Namsogeza kidole kutoka jina hadi jina, nikisema kwa kukumbuka yale niliyoandika daftarini. Tukifika kwa babu yake hunisubiri, nami namshusha kidole mahali ambapo pana karatasi tupu, nasema, "Mama yake, mtu wa bara."

Huacha kidole hapo muda mrefu.

"Mungu akulipe, mwanangu," huniambia. "Bila wewe wangemtoa."