Mshenga wa Akalla na Neno la Kiingereza

Jamani, mke wangu kanikataza nisiwasimulie haya, lakini aibu yenyewe imeshazeeka, chekeni tu.

Rafiki yangu Elias alimpenda Divine, binti wa Kirundi wa pale Akalla, huku Uswidi, miaka sita bila kutamka ndoa, na siku alipopata moyo akaniteua mimi niwe mshenga (mimi, ninayesimama nusu saa dukani Sundbyberg nikichagua maziwa). Kazi yenyewe nyepesi: niombe mchumba, nitaje tarehe, Jumamosi ya pili ya Juni, nikae. Ila baba mtu alishachoka kungoja, na Elias alijua akikataliwa siku ile basi tena.

Sasa kwa kupenda sifa, ndani ya treni nikasoma kwenye simu asili ya neno la Kiingereza, shilly-shally, nikaona hili litawachekesha wakwe. Kufika kwao nikasimama na soksi zangu (viatu mlangoni, si mnaijua Uswidi), nikaanza: "Wazee wangu, Mwingereza wa zamani akishindwa kuamua alijiuliza, 'Shall I? Shall I?' yaani nifanye, nifanye? Watu wakamwiga kwa kumcheka mpaka likawa jina la kusitasita. Basi Elias wetu huyu, miaka sita, nimwoe, nisimwoe!"

Hakucheka mtu. Elias, ambaye kwa mila hafungui mdomo mshenga akisema, alinikanyaga mguu hadi machozi yakanilenga.

"Bwana mshenga," akasema Mzee Gaspard, baba wa Divine, "kwa hiyo bado anajiuliza?"

"Hapana, mzee! Ameacha."

"Ameacha lini?"

"Leo asubuhi," nikajibu (sijui nilitumwa na nani).

"Na arusi ni lini?"

Tarehe nilikuwa nayo, wallahi, ila nikaogopa nikisema Juni wataona tuna pupa, nikisema Agosti wataona tunakwepa, nikabaki, "Juni... au tuseme Agosti... ingawa Julai nayo..." Mzee akashika fimbo yake ainuke, na mimi nikaona ndoa ya mwenzangu inaniponyoka mikononi.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. "Pappa, sitt!" akasema Divine, na mzee akakaa kweli. "Ni Jumamosi ya pili ya Juni. Naolewa na Elias, siolewi na huyu."

Hapo ndipo walipocheka, Mzee Gaspard mpaka akajifuta macho. Arusini nilipewa kazi ya kutundika makoti, na nikaapa sishengi tena maishani.

Juzi rafiki mwingine kanipigia, ana posa Bredäng. Nimemwambia nitafikiria.