Kijani cha Nyuma ya Namele

Leiwia alikuwa mwoga na hakuwahi kulikana hilo. Aliogopa ndege ndogo za visiwani, aliogopa mbwa, aliogopa kuulizwa jambo kikaoni. Ofisini kwao Vila, mji mkuu wa visiwa hivyo, alikokuwa akipima usahihi wa ramani zinazotokana na picha za setilaiti, wenzake walimtania kwamba hata kompyuta yake huipigia hodi kabla ya kuiwasha. Lakini siku ile kilichomtoa jasho kilikuwa namba nzuri.

Kimbunga kilikuja kabla ya msimu wake, mbegu ya viazi vikuu nusu ikiwa ardhini na nusu bado ghalani. Baadaye setilaiti ikapiga picha, kompyuta ikavipaka visiwa rangi: huku msitu, huku ardhi tupu, huku bustani zilizopona. Kisha watu wakatumwa kwenye pointi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wakaone kwa macho kama ramani inasema kweli. Kazi ya Leiwia ilikuwa kulinganisha walichokiona na kilichochorwa, na kuhesabu makosa. Makosa hayakosekani. Picha huchanganya minazi na msitu, kivuli na maji, na ramani isiyokosea hata mara moja haijazaliwa. Sasa kwenye kisiwa kimoja, upande wa bustani zilizopona, pointi zote zilikubaliana na ramani, mia kwa mia. Kisiwa chenyewe kilikuwa chao, na bustani nyingi zilikuwa za Votalau, kijiji cha mama yake.

"Sasa unalia nini?" Abel, bosi wake, alimwuliza. "Kwenu kumepona. Mshukuru Mungu."

"Imenyooka mno, bosi."

"Binti wewe! Mabaya unaogopa, mazuri unaogopa. Tukupe nini?"

Leiwia hakucheka. Ramani ile ndiyo iliyokuwa ikiamua visiwa gani vipelekewe mchele, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa. Kisiwa chao hakikuwamo. Akampigia simu Obed, kijana aliyekwenda kukagua pointi za huko.

"Kaka Obed, Votalau ulifika?"

"Nilifika."

"Ulifika ukakanyaga, au ulifika ukatazama?"

Obed akakohoa. "Dada, huko kote njia za bustani zimefungwa kwa namele. Ulitaka nife? Nilisimama mlimani kwa juu, nikaona kijani kila upande, nikaandika bustani. Ningeandika nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, nalo ni kosa la watu wa visiwani tu. Mgeni wa ng'ambo angeyaruka majani yale ya namele, ambayo chifu huyafunga njiani kuwa mwiko, akidhani ni pambo, jioni angetozwa faini ya nguruwe, lakini angekuwa ameona. Obed alilelewa vizuri. Aliyaheshimu majani, na heshima yake ikaingia kwenye takwimu.

Leiwia akampigia mama yake.

"Mama, mnakula nini?"

"Tunakula alichotubakizia Mungu. Ndizi, nazi, samaki siku wakitaka. Usitie shaka mwanangu, mjomba wako alizifunga bustani za juu mara tu baada ya kimbunga. Hakuna mkono uliogusa. Tuna akiba."

"Kuna aliyekwenda kuziangalia?"

"Nani apite namele? Una wazimu?"

"Na watu wa serikali walipouliza?"

"Tuliwaambia chakula kipo. Tuombe mchele na bustani tunazo? Aibu gani hiyo!"

Leiwia alikata simu. Aliujua ule mtambaazi wanaouita kamba ya Mmarekani. Upepo ukishavunja miti na jua likafika chini, huo hukimbia kuliko mmea wowote, ukafunika kila kitu. Ukitazamwa kutoka juu, kijani chake na kijani cha viazi vikuu ni kimoja, kwa setilaiti na kwa Obed pia. Kijiji kizima kilikuwa kinangoja chakula ambacho huenda hakikuwapo, na kilikuwa kimekwisha kukataa msaada. Kesho yake alipanda ile ndege ndogo, macho ameyafumba tangu Vila hadi inatua.

Chifu Marivai, kaka wa mama yake, alimpokea uani kwake. Leiwia akaketi chini, akainamisha kichwa.

"Mjomba, nimekuja kuomba ufungue njia. Kwa siku moja tu."

"Namele haifunguliwi na kompyuta."

"Pointi zote zimekubali, mjomba. Hakuna kitu duniani kinachokubali hivyo."

Chifu akacheka. "Kumbe kosa letu ni kutokuwa na kosa! Wewe, ambaye jogoo wa bibi yako alikukimbiza mpaka kanisani?"

"Ni mimi huyohuyo, mjomba. Naogopa."

Chifu aliacha kucheka. Alichora chora mchanga kwa kidole, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Juzi upepo uligeuka, ukaleta harufu ya uozo. Mimi niliyeyafunga majani ndiye pekee ninayeweza kuyafungua, nami kila asubuhi najiambia kesho. Ukidhani unaogopa peke yako, umekosea hesabu."

Walipanda wawili tu. Chifu akayaondoa majani, akayashika mkononi, wakaingia. Kwa hatua chache za kwanza Leiwia alikaribia kufurahi, maana kijani kilikuwa kizuri, kimefika magotini, kinametameta kwa umande. Kisha mjomba wake akachomeka mti wa kuchimbia, akavuta. Ukatoka mtambaazi kama mkeka. Chini yake miti ya kutambalizia viazi ilikuwa imelala imevunjika, na alipochimba tuta akapata uji mweusi unaonuka. Wakaenda kwenye tuta lingine, na jingine, mpaka kwenye majimbi ya bondeni. Yote yalikuwa yameoza. Mzee yule, aliyezoea kusema na watu wakanyamaza, alikuwa akichimba kwa mikono na kuguna, na Leiwia alitamani mtu yeyote aje amwambie kwamba amekosea.

Mlimani kulikuwa na mtandao. Akampigia Abel.

"Pointi moja si takwimu, Leiwia."

"Nimezikanyaga zote za Votalau, bosi. Na kwenye vijiji vingine pia Obed aliishia kwenye namele. Zitoe zote. Kuhusu bustani za kisiwa hiki hatujui kitu, na tumeandika tunajua."

"Usahihi wa ramani nzima utashuka."

"Ushuke! Hawa watakufa, bosi."

Hakuwahi kumfokea mtu mkubwa. Abel akajibu, "Nitalipeleka kwenye kikao. Siahidi meli ya mchele."

Aliporudi njiani alimkuta mjomba wake anayafunga upya yale majani.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Wakijua leo, kesho watakula mbegu iliyobaki ghalani, na mwakani hatutakuwa na cha kupanda. Utawaambia inaendelea vizuri."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mjomba."

"Kituumbue meli ikichelewa. Mbegu hailiwi."

Hakuna mpwa anayembishia kaka wa mama yake pale, mlangoni pa namele aliyoifunga mwenyewe. Leiwia alishuka mlima akiyarudia rudia yale maneno mdomoni, asije akakwama.

Mama yake alikuwa anamsubiri mlangoni pamoja na watoto wa dada yake na majirani wawili.

"Umeziona? Zikoje?"

"Zinaendelea vizuri, mama."

"Si niliwaambia!" Mama akapiga makofi. "Na nyinyi mnanuna kwa kipande kidogo!" Akafunua laplap, mkate wa ndizi zake za mwisho uliookwa ndani ya majani, aliokuwa akiwapimia kidogo kidogo tangu Jumapili, akaimenya majani yote. Akakata vipande vikubwa vikubwa, akawagawia watoto, akawagawia majirani, akamwita na mpita njia. Leiwia alitaka kuushika ule mkono wenye kisu. Akaitazama laplap ikiisha.

"Chukua chako, mgeni wangu. Cha pembeni, chenye tui."

Alikipokea kwa mikono miwili, akala, kwa sababu asingekula mama angeuliza kwa nini.